Foto za wachumba alfajiri kando ya Ziwa Kivu (Goma): nina Jumamosi moja tu, nisaidieni mpango

LenziYaHimbi (mwanzisha uzi)

Jambo yenu nyote.

Mdogo wangu wa kike ameposwa. Mahari ilipelekwa mwezi uliopita, wazee wameelewana, na sasa yeye na mchumba wake wanataka foto kando ya ziwa, jua likichomoza. Hawataki studio wala maua ya plastiki. Aliniambia hivi, mimi mkubwa wake: "Yaya, tunataka ile saa ambayo ziwa bado limenyamaza." Nimepiga harusi nyingi hapa Goma, mchana kanisani na usiku ukumbini, ila alfajiri sijawahi kuifanya kwa makini. Na huyu ni damu yangu, sitaki kubahatisha.

Mpango ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Tukutane saa 12:00 asubuhi, wavae, tuanze kupiga saa 12:30, tumalize saa 2:00. Nimesikia kwenye video kwamba ule mwanga wa dhahabu unakaa saa nzima baada ya jua kutoka. Nina kamera moja, lenzi ya 35 na ya 85, na flashi moja.

Mahali nimeshapata, tena pazuri sana. Ukipita Kyeshero ukielekea Bulengo, unashuka kwenye kikorongo cha mawe ya volkano mpaka unakuta mchanga mweusi uliokaa kama ndani ya bakuli. Mawe yameuzunguka pande tatu, upande wa nne ni maji. Hakuna upepo hata kidogo, hakuna watu, sauti ya moto (pikipiki) na magari haifiki. Nilikwenda jana jioni kukagua. Ni pasafi, isipokuwa majani ya kule chini yamekauka ingawa ya juu ni mabichi, na nilikuta ndege mdogo amekufa na mjusi kando yake. Nitawaondoa kabla wenyewe hawajafika. Nataka wakae chini kabisa, miguu majini, na mimi nilale kifudifudi niwapige kutoka usawa wa mchanga.

Naomba ushauri wa namna ya kuipanga kamera, rangi ya nguo juu ya mawe meusi, na kama flashi inahitajika. Aksanti.


NuruYaKivu

Hongera kwa mdogo wako, yaya. Nianze na saa, maana mpango wako unaanguka hapo.

Goma iko digrii 1.7 tu kusini ya ikweta. Huku kwetu jua halitambai pembeni ya dunia kama kule Ulaya zinakotengenezwa hizo video. Linapanda wima. Kwa saa moja limeshapanda digrii 15, na ule mwanga wa rangi ya asali unakwisha likifika kama digrii 6. Piga hesabu mwenyewe: ni dakika 24, au 25 ukiwa na bahati ya wingu jembamba. Saa nzima ya dhahabu ni mali ya watu wa kaskazini ya mbali.

Jambo la pili, mwishoni mwa Novemba jua letu linawahi. Linatoka kama saa 11:45 alfajiri. Katikati ya Februari, hapa hapa Goma, ni kama saa 12:12. Tofauti ni karibu nusu saa, na wengi wetu hatuioni kwa sababu tumeambiwa tangu utoto kwamba jua la ikweta halibadili saa. Ukianza saa 12:30 utakuta rangi imekwisha, mwanga mweupe, na wachumba wanafinya macho.

Ila usisahau vilima vya upande wa Gisenyi, kule Rwanda. Hiyo saa 11:45 ni ya mahali tambarare. Sisi tuna milima mbele ya jua, kwa hiyo utaliona limechelewa, pengine dakika 10, kutegemea umesimama wapi. Dakika hizo ni zawadi. Mbingu inawaka rangi, jua lenyewe bado limefichwa, na nyuso hazina kivuli kikali. Kabla ya hapo kuna dakika kama 20 za mwanga wa buluu, na mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mchumba wa kike aliyevaa kitenge cha manjano katika mwanga ule anaonekana kama taa.

Kwa hiyo saa 11:20 wawe wamesimama mahali pao, wamevaa, wamekunywa chai, viatu mkononi. Nenda siku moja kabla, saa hizo hizo, peke yako, usimame pale pale. Kukagua jioni hakukwambii lolote kuhusu asubuhi.

Mwelekeo: Novemba mwishoni jua linatokea digrii 20 na kidogo kusini ya mashariki, kwa hiyo ukiwa ufukweni linakuja kimshazari upande wa maji. Juni ni kinyume, linahamia kaskazini ya mashariki, upande wa nchi kavu. Anayekwambia "pale nilipiga vizuri sana" muulize alipiga mwezi gani.


MamaWaKatindo

Mwanangu, soma tena ulichoandika wewe mwenyewe. Majani ya chini yamekauka, ya juu ni mabichi. Ndege amekufa. Mjusi amekufa. Hakuna upepo. Shimo kama bakuli.

Ile ni mazuku. Usimpeleke mtoto wa watu pale.


NuruYaKivu

Mungu wangu. Nilisoma haraka nikitafuta saa na lenzi, nikaruka sentensi yenyewe. Mama yuko sahihi. LenziYaHimbi, tafadhali jibu kwamba umeona.


MtotoWaMugunga

Nimeingia hapa kwa sababu ya neno hilo tu. Nimekulia Mugunga, niandike kidogo kwa faida ya watakaosoma na si watu wa Goma.

Mazuku ni hewa ya kaboni (CO2) inayotoka ardhini kwenye nyufa za volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kama mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi. Inatiririka kama maji yasiyoonekana na kujaa mahali pa chini: mashimo, makorongo, vibonde vya lava. Haina rangi wala harufu. Upande wa magharibi ya mji, kuanzia Bulengo na Mugunga hadi Sake, tunaishi nayo. Watu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, wameweka vibao sehemu kadhaa, lakini si kila shimo lina kibao.

Sasa kinachonitisha katika mpango wako ni saa. Mchana jua linapasha mawe, upepo wa ziwa unavuma, hewa ile inachanganyika na kupungua. Usiku kunapoa, upepo unakufa, inajaa. Alfajiri bakuli limejaa kuliko saa nyingine yoyote. Wewe ulikwenda jioni na ukatoka mzima. Saa 11 alfajiri ni shimo lingine kabisa.

Na wewe unataka wakae chini, na mwenyewe ulale kifudifudi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa nje ya hewa ile huku mtoto aliye kando yake amezama. Kwetu mbuzi ndio waliokuwa wakitufundisha. Nilikuwa na miaka kama minane, mbuzi wetu wawili walishuka kwenye shimo kufuata majani baada ya mvua. Wa kwanza alipiga magoti kama anayetaka kulala. Kaka yangu akaruka kumfuata. Baba alimdaka shati, shati likachanika mgongoni, lakini alimdaka. Mbuzi tuliwaangalia tu wakifa, hatua sita kutoka tulipokuwa. Mtu akianguka ndani, anayemfuata bila kufikiri ndiye wa pili kuanguka. Hilo walio Kivu wote walijue.


Kadogo_wa_Virunga

Si angeshuka na kiberiti? Moto ukizima anajua kuna mazuku, anarudi. Wazee walifanya hivyo.


MtotoWaMugunga

Ndugu yangu, hapana. Njiti inaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamlegeza mtu. Moto unazimika hewa ya kaboni ikiwa nyingi mno, na kabla ya kufika hapo kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, miguu inakosa nguvu. Njiti ikizima, wewe umeshavuta. Alama za kutazama ukiwa juu ni hizo alizotaja mwenyewe: majani yaliyokauka kwa mstari ulionyooka kama yamechorwa, wadudu na ndege waliokufa, utulivu usio wa kawaida. Ukiona moja, geuka.


LenziYaHimbi

Nimeona. Nimekaa na simu mkononi nusu saa kabla ya kuandika.

Jana jioni nilipiga magoti pale chini kujaribu lenzi ya 35, labda dakika tano. Nikirudi nyumbani kichwa kiliniuma, nikasema ni jua. Mimi ni mzaliwa wa Goma, neno mazuku nalijua tangu nikiwa mdogo, lakini nililiweka kwenye mambo ya Mugunga na ya wachunga mbuzi. Sikulihusisha na mahali pazuri.

Mama, Mungu akubariki. Nimempigia mdogo wangu, nimemwambia pale hatuendi. Naomba sasa tuanze upya: mahali gani?


MamaWaKatindo

Tafuta palipo wazi, palipoinuka kidogo, upepo unapita na watu wanapita. Watu wakiwepo si hasara. Hata mahali pa picha lazima pawe na wenyeji.


FotoYaBirere

Nikuongezee la mwanga, kwa sababu hata ukipata pwani salama, bado una mchanga mweusi, na mchanga mweusi unafanya mambo mawili.

La kwanza, unaidanganya kamera. Kamera inadhani dunia nzima ni ya kijivu cha katikati. Ukijaza fremu kwa lava nyeusi inasema "kuna giza" na inaongeza mwanga, gauni jeupe linaungua. Ukijaza anga, inafanya kinyume, nyuso zinakuwa makaa. Usiiachie. Pima usoni mwa mchumba wa kike, weka kila kitu kwa mkono, kisha rekebisha kila dakika tatu kwa sababu mwanga unakimbia. Mimi huanza gizani na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1600, uwazi wa lenzi f/2, shata 1/160 ya sekunde. Jua likishatoka najikuta ISO 200, f/2.8, shata 1/1000. Na piga RAW, ile faili ghafi inayokubali kurekebishwa baadaye, kwa sababu kati ya hapo na hapo utakosea mara mbili tatu. Joto la rangi usiliweke otomatiki, kamera itaona dhahabu ni kosa na kuifuta. Weka alama ya wingu au ya kivuli.

La pili ndilo ambalo watu hawalisemi. Ufukwe wa Mombasa au wa Unguja ni mweupe, mchanga wenyewe unarudisha mwanga usoni kutoka chini. Ndiyo maana picha za kule zina macho yanayong'aa bila kazi. Mawe yetu yanaumeza mwanga. Jua likiwa nyuma yao, chini ya kidevu na kwenye matundu ya macho panakuwa na giza, na sisi wenye ngozi nyeusi picha inatunyima sura kabisa. Watu wanakimbilia kusafisha ngozi kwenye kompyuta mpaka mtu hajitambui. Dawa yake ni shuka jeupe. Shuka la kitanda, lililofuliwa, likunjue chini mbele yao, nje ya fremu, mita moja na nusu kutoka miguuni. Weka mawe kwenye pembe. Jua likigusa shuka utaona nyuso zinafunguka kama dirisha. Mwingine ashike kipande cha pili kifuani. Flashi iache ndani ya begi, itumie kama mvua imekushika tu.

Kuhusu vumbi letu: usibadilishe lenzi ufukweni. Lile vumbi jeusi likiingia kwenye kioo cha ndani utalia. Kama una rafiki mwenye kamera ya pili, mwazime.


Bukavu_Ibanda

Salamu kutoka Bukavu. Huku tuna rasi zinazoingia ziwani kama vidole, kwa hiyo mtu anachagua: ukiwa upande wa mashariki wa rasi unapata maji na vilima vya Rwanda jua likitokea nyuma yake, ukivuka upande wa pili unapata mwanga unaopiga mbele. Msimu wa mvua kuna ukungu juu ya maji asubuhi, hasa kukiwa kumenyesha usiku. Ukungu ukiwepo msiondoke kwa kukata tamaa! Subirini. Unapasuka ghafla na wavuvi wanatokea ndani yake.

Nguo: juu ya kijivu na nyeusi, manjano ya haradali, chungwa, nyekundu ya matofali. Nyeupe sawa kama una uhakika na mkono wako. Kitenge cha maua madogo madogo kwa wote wawili kinachanganya macho, mmoja avae kitenge, mwingine avae rangi moja iliyotoka ndani ya kitenge hicho.


Lushois_wa_Kenya

Sisi wa Lubumbashi hatuna Kivu, tunafanya kwenye maziwa madogo na kwenye mashamba. Faida yetu: mwezi wa saba jua linatoka karibu saa 12:30, watu wanalala vya kutosha. Hasara ni baridi. Mleteni dada blanketi, mdomo unaotetemeka unaonekana kwenye foto.


Dada_Kyeshero

Naandika kama mwanamke aliyepigwa foto hizi mwaka jana. Mambo ambayo mpiga foto hakuniambia na niliteseka.

Lava inakata. Kutembea na viatu virefu gizani kwenye mawe yale ni kuomba kuvunjika, na peku ni kuomba damu. Mje na kambambili, viatu vizuri vitoke begini dakika ya mwisho. Vipodozi nilipakwa saa 9 usiku kwa mwanga wa tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika. Jua lilipotoka nilikuwa kama nimepakwa ukuta. Tafuteni taa nyeupe ya kuchaji, na dada wa vipodozi apake nusu ya anavyopaka kwa harusi. Na njaa! Mtu mwenye njaa hatabasamu. Ndizi mbili na chai ya chupa zitaokoa picha zako.

Tena usafiri. Saa 10 usiku msipande moto wawili wawili na gauni. Lipieni gari moja la mtu mnayemjua, au mlale kwa shangazi aliye karibu na ziwa. Mambo ya usalama usiku hapa mjini mnayajua, siandiki zaidi.


PapaMwinjilisti

Mimi si fundi wa kamera, ni mzazi. Naomba moja. Umesema mahari imepelekwa, vizuri. Lakini zile foto wanazokumbatiana zisitangulie kwenye simu za watu kabla ya wazazi kuziona. Nimeona familia mbili zikiharibu uchumba kwa sababu picha ilizunguka, shangazi wa upande wa mume akaiona kwa majirani. Zipeleke kwanza nyumbani, kwa heshima, hata tatu zilizosafishwa kwenye karatasi. Mzee akishaishika mkononi, hiyo foto ni ya familia.


LenziYaHimbi

Papa, nimelipokea. Nitafanya hivyo.

Kuhusu mahali: mchumba wake ametoa wazo ambalo sikulitarajia. Familia ya bibi yake ilikuwa na nyumba upande wa mjini, lava ya tarehe 17 Januari 2002 ikapita juu yake na kuendelea mpaka ziwani. Bibi bado yuko hai. Anataka wapige kwenye ile lava iliyoingia majini. Ni wazi, imeinuka, upepo wa ziwa unapita, watu wanafua na kuteka maji hapo karibu kila asubuhi. Nilitaka kukataa, nikidhani ni kufanya maonyesho juu ya msiba. Mnaonaje?


MamaWaKatindo

Muulizeni bibi. Yeye ndiye mwenye nyumba.


FotoYaBirere

Nimeshapiga pale mara moja. Jua likija upande wa kulia wa kamera huku wewe unaangalia kaskazini, volkano ya Nyiragongo inakaa nyuma yao, na asubuhi baada ya mvua ya usiku mlima unaonekana mzima mpaka kwenye mdomo. Lakini ni saa moja au mbili tu, mawingu yakija yanaufunika. Uanze na mlima, kisha ugeuke kwenye maji? Hapana, kinyume chake. Anza na maji kwa ajili ya buluu na jua, malizia na mlima kwa sababu wenyewe unapata mwanga wa ubavuni hata dhahabu ikiwa imepungua.

Usielekeze kamera kwenye bandari, mpaka, wala mtu mwenye sare. Mimi nilishikwa sehemu fulani, nikakaa saa mbili nikionyesha picha moja moja, na jua halikunisubiri. Siku moja kabla pita kwa chefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), mwambie ni foto za uchumba, saa fulani, watu wanne. Akijua, wengine wote wanajua.


Mvuvi_wa_Kituku

Nimeona mnazungumza mengi, hakuna aliyewataja wavuvi. Sisi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, tunarudi saa hizo hizo mnazozitaka. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa bado zinawaka, tunapiga kasia kwa wimbo. Wapiga foto wanatupiga kutoka ufukweni kama ndege wa porini, kisha tunajiona kwenye kalenda. Njoo jana yake jioni kabla hatujatoka. Sema na mkubwa wa timu. Toa kitu kidogo, au nunua sambaza za familia. Tutapita pale unapotaka, polepole, mara mbili. Na usiwaombe wachumba wapande mtumbwi bila jaketi la kuelea. Ziwa letu halina mamba, lakini halina ngazi pia: hatua tatu uko magotini, ya nne hakuna chini.


LenziYaHimbi

Nitakuja Ijumaa jioni, mkubwa. Aksanti.

(siku tisa baadaye)

Nimerudi kuwaambia ilivyokwenda.

Bibi tulimuuliza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama gari litakuwa na nafasi yake. Kwa hiyo saa 11:10 alfajiri tulikuwa watano na si wanne, na bibi amekaa juu ya jiwe, kajifunika vitenge viwili na blanketi. Ijumaa nilikuwa nimekwenda peke yangu saa ile ile, nikaweka alama kwa chaki mahali pa miguu yao. Ile chaki imeniokoa. Gizani nisingeona ufa uliokuwa nusu mita kutoka hapo.

Mvua ilinyesha usiku mpaka saa 8. Nilijua ningekuta mawingu tu. Lakini saa 11:30 ukingo wa mashariki ulifunguka mstari mwembamba kama mlango uliosukumwa kidogo, na ziwa likawa la rangi ya bati. Nikapiga foto 40 kabla ya jua lolote. Mitumbwi ilikuja saa 11:48. Walipita mara tatu, wala si mbili. Mdogo wangu aligeuka kuwatazama akasahau kamera ipo, mchumba wake akawa anamtazama yeye. Hiyo ndiyo foto. 1/200, f/2, ISO 1250, kuna chembechembe, sijali.

Jua lilionekana juu ya vilima saa 11:56. Shuka jeupe! FotoYaBirere, sijui nikuambie nini. Nilipolikunjua nilisikia mdogo wangu anasema "eeh" kwa sababu hata yeye aliona mwanga umemjia usoni. Dakika ya 20 rangi ilianza kuondoka, na ya 25 ilikuwa imekwisha, kama NuruYaKivu alivyosema. Tukageukia mlima. Ulikuwa wazi, na moshi kidogo umelalia upande wa magharibi.

Ya mwisho niliyopiga ni bibi. Hakuniomba. Alikuwa amevua kiatu, kiganja cha mguu kimelala juu ya lava kama anayepima joto la uji. Nilimuuliza kama nimpige. Akasema piga, hapa ndipo palikuwa mlango.


Dada_Kyeshero

Nalia kazini.


PapaMwinjilisti

Wazazi wameziona?


LenziYaHimbi

Ndiyo papa. Jumapili baada ya ibada, foto tano kwenye karatasi. Baba mkwe aliiweka ya mitumbwi kwenye meza, ya bibi akaenda nayo chumbani.


Kadogo_wa_Virunga

Na lile shimo la kule Bulengo? Kuna mwingine atalipenda kama wewe ulivyolipenda.


LenziYaHimbi

Nilirudi Jumatatu mchana na MtotoWaMugunga, tulikutana hapa hapa kwenye uzi. Tulisimama juu tu. Tulikwenda kwa nyumbakumi wa pale, akatuambia watoto hupita juu na mbuzi, na kwamba habari ataifikisha kwa wenye kazi ya vibao. Tumefunga mdomo wa njia kwa miti na miiba, na kipande cha bati tumekiandika MAZUKU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Upande wa majini bado uko wazi, mtu anaweza kuingia kwa mtumbwi. Mvuvi_wa_Kituku ameahidi kutupeleka Alhamisi saa sita mchana, kukiwa na upepo, tukapige kibao cha pili kwenye jiwe kutoka majini.